Trekta Dogo na Magogo: Linaponyanyuka, Linapochemka, Linapogoma

Kuanzia West Kilimanjaro na Rongai hadi Olmotonyi na Usa River, matrekta madogo ya nguvu farasi 25 hadi 50 yanafanya kazi ambayo hayakutengenezewa. Yalitengenezwa kulima. Jembe likikaza, udongo huachia. Gogo likinasa kwenye kisiki haliachii, na nguvu yote inarudi kwenye trekta: kwenye klachi, kwenye ekseli, kwenye magurudumu ya mbele. Ndiyo maana malalamiko ni yale yale kila msimu, na mara nyingi mwenye trekta hununua spea wakati kosa liko pale mnyororo ulipofungwa.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Chanzo kilichotajwa kwanza ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo anza nacho kabla ya kushika spana.

Jua uzito kwanza

Msindano au msaiprasi mbichi una uzito wa karibu tani 1 kwa kila mita 1 ya ujazo. Mkaratusi mbichi unaweza kuzidi hapo. Kupata ujazo, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa urefu, kisha kwa 0.785, vipimo vyote vikiwa katika mita. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina kilo 280 hivi. Kipenyo kikifika sentimita 40, ni kilo 500. Kikifika 50, unakaribia kilo 800. Kwa macho tofauti inaonekana ndogo, kwa trekta ni karibu mara tatu.

Kuburuta gogo chini huhitaji nguvu ya karibu nusu ya uzito wake, na zaidi kwenye matope. Mlima nao una bei yake: njia inayopanda mita 10 katika kila mita 100 inaongeza kilo 100 za kuvuta kwa kila tani, na trekta lenyewe linahesabiwa humo. Ukikata gogo mara mbili na kwenda safari mbili, unaongeza dizeli kidogo, lakini klachi inabaki nzima.

Magurudumu ya mbele yananyanyuka

Hii ndiyo dalili inayoua, na inaanza kimya. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, unakata kona trekta linaenda moja kwa moja. Hapo mbele tayari hakuna uzito wa kutosha.

Chanzo kikubwa ni mnyororo kufungwa juu. Wengi huufunga kwenye toplinki (ule mkono wa juu wa kushikia jembe), kwenye ekseli ya nyuma, au kwenye mikono ya haidroli iliyoinuliwa ili kichwa cha gogo kisilime udongo. Angalia kinachotokea gogo likinasa: matairi ya nyuma yanakatazwa kwenda mbele, ekseli inaendelea kusukuma, na kwa kuwa mnyororo uko juu, trekta zima linaanza kujizungusha kwenye ekseli yake na kupanda juu kama farasi. Tangu mbele kuanza kupanda hadi kufika mahali ambapo hakuna kurudi ni kama robo tatu ya sekunde. Dereva hajapata hata muda wa kushtuka.

Funga mnyororo kwenye drobaa tu, ule mkono wa chuma wa chini katikati ya matairi ya nyuma, na pini yake iwe na kizuizi cha kuizuia isiruke. Shuka utazame kwa pembeni: mahali mnyororo uliposhika pawe chini ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na paonekane wazi kuwa ni chini. Kama hupaoni hivyo, usivute. Acha mita 1 hadi 1.5 kati ya drobaa na kichwa cha gogo. Mnyororo mrefu sana hufanya kichwa kichimbe ardhi, mfupi sana hufanya gogo ligonge tairi kwenye kona.

Chanzo cha pili ni kuachia klachi ghafla. Kaza mnyororo taratibu kwa gia ya chini kabisa hadi uone umenyooka, ndipo uongeze mafuta. Cha tatu ni kupanda mlima na mzigo. Cha nne ni kukosa vyuma vya uzito mbele: magurudumu ya mbele yanatakiwa kubeba angalau asilimia 20 ya uzito wote wakati wa kazi. Vyuma vya mbele husaidia kweli, lakini haviwezi kusahihisha mnyororo uliofungwa juu. Dereva anayedhani vinatosha yuko hatarini kuliko asiye navyo, maana huyo walau anaogopa.

Mbele ikianza kupanda, kanyaga klachi papo hapo. Mazoea ya kukanyaga breki hayasaidii hapa.

Acha kazi ikiwa mbele imenyanyuka mara mbili mahali pale pale, hata kama kidogo. Kata gogo, badilisha njia, au tumia winchi. Trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva na mkanda wa kiti lisiburute magogo kwenye mteremko kabisa. Drobaa iliyopinda au kupasuka ipelekwe kwa fundi au inunuliwe mpya. Kuichomelea porini kwa welding ya jenereta ni kuandaa ajali ya kesho.

Matairi ya nyuma yanazunguka, trekta haliendi

Udongo wetu wa volkano ukinyeshewa unakuwa kama sabuni, hasa Machi hadi Mei. Kama mvua imenyesha usiku, subiri jua la saa tano. Hilo ndilo suluhisho la kwanza na halina gharama.

Pili ni upepo wa tairi. Trekta lililotoka kazi ya barabarani huwa limejazwa hadi linaita ukiligonga, na tairi gumu hugusa ardhi kwa kipande kidogo tu. Kwa kazi ya shambani matairi mengi ya nyuma hufanya vizuri kwenye psi 12 hadi 16, ila soma ubavuni mwa tairi na kwenye kitabu cha trekta. Usishuke chini ya hapo kwa tamaa ya kushika zaidi: tairi huteleza ndani ya ringi na kukata valvu ya tyubu.

Halafu pima badala ya kukisia. Chora alama ya chaki kwenye tairi. Vuta gogo hadi tairi lizunguke mara 10, weka kigingi mwanzo na mwisho. Rudia umbali ule ule bila mzigo na uhesabu. Likizunguka mara 8.5, unateleza asilimia 15, na hapo ni sawa. Mara 7 maana yake ni asilimia 30: karibu theluthi moja ya mizunguko unayoilipia dizeli inaishia kuchimba shimo.

Kuteleza kukizidi hata baada ya kupunguza mzigo, ongeza uzito nyuma. Maji ndani ya tyubu ni njia ya bei nafuu: tairi la 12.4-28 likijazwa robo tatu huchukua takriban lita 170, yaani kilo 170 kila upande. Kazi hiyo ifanyike kwa fundi wa matairi mwenye kifaa chake. Difloki, kifungio kinachofanya matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, itumike kwenye mstari ulionyooka tu, na iachiwe kabla ya kona.

Onyo moja lisilo na mjadala. Trekta likizama hadi ekseli, usifunge gogo kwenye matairi ya nyuma ili lijinasue. Tairi likizuiwa na gogo, kitu pekee kinachobaki huru kuzunguka ni trekta lenyewe, na linazunguka kurudi nyuma juu ya dereva. Chimba, au tafuta trekta la pili likuvute kutoka mbali.

Injini inanguruma, mwendo hakuna, na kuna harufu ya kuungua

Ni klachi. Kabla ya kuwaza pleti, bonyeza pedali kwa mkono injini ikiwa imezimwa: iende bure kiasi, kwa matrekta mengi ni sentimita 2 hadi 3, kabla ya kuanza kugoma. Isipokuwa na nafasi hiyo, klachi haishiki kamili hata mguu ukiwa umetoka kwenye pedali. Rekebisha nati ya fimbo ya pedali mpaka nafasi irudi. Kazi ya dakika 15.

Sababu inayofuata ni mguu wa dereva. Kwenye magogo dereva hukaa mguu juu ya pedali akisubiri kunasa. Nia yake ni njema, lakini pleti inasagika siku nzima. Mguu ukae kando ya pedali, tayari, bila kuigusa.

Ikiwa marekebisho hayakusaidia, jaribu mara moja tu: breki ya mkono, gia ya juu, achia klachi taratibu. Injini nzima inayoendelea kuzunguka bila kuzima inathibitisha kuwa klachi inateleza. Hapo ama pleti imekwisha, ama imelowa oili kutoka sili ya nyuma ya injini. Vyote viwili vinahitaji trekta kufunguliwa katikati, na hiyo ni kazi ya karakana yenye jeki na stendi za kutosha. Msitenganishe trekta juu ya vipande vya magogo.

Moshi mweusi, nguvu hakuna

Anza na chujio la hewa. Kiangazi, vumbi la Siha na Ngarenairobi ni laini kama unga wa ngano, na vumbi la mbao linaongezeka juu yake. Kwa chujio la hewa lenye bakuli la oili, fungua bakuli hilo la chini: tope likifika sentimita 1, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili mpya hadi alama. Kwenye vumbi kali kagua kila siku. Chujio la karatasi ligongwe taratibu au lipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na likipasuka litupwe.

Kisha kumbuka uko wapi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Kwenye mita 1,800 za mwinuko trekta la nguvu farasi 40 linakupa 33 hivi. Dereva aliyezoea kuvuta uwanda wa Moshi akipanda huko na kuvuta gogo lile lile, atamwaga moshi mweusi na atamlaumu fundi wa pampu bila kosa. Punguza mzigo, shuka gia moja.

Ikiwa nguvu inapungua bila moshi, au injini inakata na kurudi, shida ni dizeli kutofika: chujio limeziba, kuna maji, au hewa imeingia. Dizeli inayobebwa kwenye madumu ndiyo huleta maji na uchafu. Acha dumu litulie usiku, mimina kupitia kitambaa safi, na vidole viwili vya mwisho visimiminwe. Ukibadilisha chujio toa hewa: legeza skrubu ya juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, kisha fanya hivyo kwenye pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli za injini. Nozeli na pampu yenyewe viachiwe fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Skrubu yenye lakiri kwenye pampu isiguswe.

Moshi wa bluu usioisha injini ikipata moto ni oili inayoungua, na mweupe mzito unaonuka dizeli ni nozeli au kompresheni. Vyote ni vya fundi.

Joto linapanda

Zima kazi, usizime injini papo hapo. Iache izunguke taratibu bila mzigo dakika chache, isipokuwa maji yanamwagika. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe hadi uweze kukishika kwa mkono mtupu bila kuungua.

Mara nyingi utakuta majani ya msindano na unga wa mbao vimejaa kati ya mapezi ya rejeta. Safisha kwa maji au upepo kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukipuliza kutoka mbele unazidi kushindilia. Baadaye angalia mkanda wa feni: ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati uingie sentimita 1 hadi 2.

Kifuniko chenyewe hakipewi heshima yake. Kwenye mita 1,800 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na ni shinikizo la kifuniko linaloyazuia yasichemke mapema. Kipande cha tyubu na waya hakifanyi kazi hiyo.

Kama vyote ni vizima na bado inachemka, washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yanayopanda bila kukoma yanaonyesha gasketi ya silinda. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Usiwashe tena, ita fundi.

Haidroli hainyanyui, au inashuka yenyewe

Matrekta mengi ya zamani yana wenzo mbili za haidroli, na nusu ya "ubovu" ni wenzo wa kina cha jembe kubaki mahali pake pa kulimia. Weka zote mbili sawa kama kitabu kinavyoagiza, kisha jaribu bila mzigo. Inayofuata ni oili. Ipime trekta likiwa tambarare na mikono ikiwa chini. Katika matrekta mengi madogo oili hiyo ndiyo ya giaboksi pia, kwa hiyo kupungua kwake kunaua vitu viwili. Halafu chujio, halafu mipira inayovuja.

Mikono inayopanda vizuri kisha kushuka taratibu injini ikizimwa ina sili za silinda au valvu iliyochoka. Inaweza kusubiri fundi, lakini mtu asipite wala kufunga mnyororo chini ya kitu kilichoinuliwa nayo.

Usitafute uvujaji kwa kidole. Pitisha kipande cha boksi. Oili ya shinikizo kubwa hutoboa ngozi, na tundu linaweza kuwa dogo kama la sindano, bila damu na bila maumivu makali mwanzoni. Mtu huyo apelekwe hospitali yenye upasuaji saa ile ile, KCMC kwa walio Moshi au Mount Meru kwa walio Arusha, na daktari aambiwe wazi kuwa ni oili ya haidroli imeingia. Akisubiri hadi kesho anaweza kupoteza kidole au mkono.

Mnyororo unakatika au unachomoka

Kuchomoka kwanza. Ganda la mkaratusi mbichi huchunika, na kitanzi huteleza nalo. Zungusha mnyororo mara mbili, funga nusu mita kutoka mwisho wa gogo, na ikibidi kata mfereji mdogo kwa shoka.

Kukatika husababishwa na kuvuta kwa kushtukiza kuliko uzito wenyewe. Lakini angalia pia mnyororo ni wa nini. Ule wa geti unafanana machoni na wa kazi, na siku ya kukatika ndipo tofauti inapoonekana. Mnyororo wa daraja la 80 huwa na namba 8 au 80 iliyogongwa kwenye pete: wa milimita 8 umekadiriwa kubeba tani 2, wa milimita 10 tani 3.15. Pete iliyolika zaidi ya asilimia 10 ya unene wake, au mnyororo uliorefuka zaidi ya asilimia 5, umekwisha. Usiunge kwa bolti ya kawaida, wala usivute mnyororo wenye fundo.

Waya wa winchi utupwe ukiona nyuzi 6 zimekatika ndani ya msokoto mmoja (mzunguko mmoja kamili wa kamba zake), au 3 kwenye kamba moja ya msokoto huo. Glavu za ngozi, na hakuna kuruka waya uliokazwa. Tandiboi asimame mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa mnyororo au waya, na asikae ndani ya kona, kwa sababu ukikazwa hujinyoosha na kukata njia ya mkato.

Pancha za mara kwa mara

Visiki vilivyokatwa mshazari. Vikatwe bapa, karibu na ardhi, kwenye njia yote ya trekta. Hakuna tairi linalostahimili mkuki.

Tela la kuni linasukuma trekta kwenye mteremko

Rundo la kuni mbichi za mkaratusi lililopangwa mita 1 kwa 1 kwa 1 lina kilo 650 hivi. Tela la tani 1.5 limejaa kwa marundo mawili, ingawa mbao za pembeni bado zinaonekana ziko juu. Tamaa ya kuongeza "kidogo tu" hulipwa kwenye mteremko wa Marangu au Ilboru. Kwenye milima, tela lisilo na breki pamoja na mzigo wake lisizidi uzito wa trekta lenyewe.

Kama breki zinavuta upande mmoja, kagua kwanza kile kifungio kinachounganisha pedali mbili. Madereva hukifungua shambani wapate kona fupi, kisha wanaingia barabarani bila kukirudisha. Baadaye rekebisha urefu wa pedali ziwe sawa. Pembeni ya ndani ya gurudumu pakiwa na oili, sili ya ekseli imevuja na breki zimelowa. Kuzikausha kwa kuziunguza hakusaidii, ni kazi ya fundi.

Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, ichague kabla ya kuanza kushuka, na usikanyage klachi njiani. Ukikanyaga, injini inaacha kushika na tela linabaki na wewe peke yako. Tela likianza kuja pembeni, punguza breki za trekta badala ya kuziongeza. Pedali ikifika chini, au ukinusa breki: ukingo wa ndani wa barabara, gia ya kwanza, mawe makubwa chini ya magurudumu ya tela na ya trekta, kisha simu. Safari hiyo imeishia hapo.

Hati ya kusafirishia mazao ya misitu iwe mkononi kabla ya kupakia, maana kupakua kuni kwenye kizuizi, mlimani, ndipo matela mengi yanapoachwa bila mawe.

Unapompigia fundi

Fundi akitoka Moshi mjini hadi Siha kwa kubahatisha spea, utalipa safari mbili. Mwambie modeli ya trekta, saa za injini, dalili ilianza mzigo ukiwa wa kiasi gani, injini ikiwa baridi au moto, rangi ya moshi, na ulichokwisha kukagua. Mtumie picha ya kijiti cha oili na ya mahali mnyororo ulipofungwa.